Jinsi ya Kutengeneza Meza ya Kazi ya Kukunja Ndani ya Trela

Anayetaka kuifanya trela yake ndogo kuwa karakana ya kujifurahisha, iwe ni ya kuchonga mbao, kutengeneza redio, kukarabati baiskeli au kuunda vielelezo vya ndege, hukabiliwa mapema na shida moja: meza inayotosha kufanyia kazi hula nafasi yote ya kupitia, na trela isiyo na nafasi ya kupitia haipakiki mzigo. Ufumbuzi wake ni meza inayofungwa ukutani kwa bawaba, inayoinuliwa wakati wa kazi na kulazwa chini wakati wa safari.

Wengi huanza kwa kuuwazia ubao wa meza wenyewe, yaani mbao gani, rangi gani na ukubwa gani. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Ubao wa meza ni kazi ya saa moja, na hata ukikosewa hubadilishwa bila hasara kubwa. Kinachoamua kama meza itadumu ni ukuta wa trela, ambao kwa kawaida ni mwembamba kuliko unavyoonekana, pamoja na mtikisiko wa barabara, ambao hulegeza kila kitu kilichokazwa kivivu. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yale yaliyo nyuma ya meza.

Muundo unaoelezwa hapa

Meza ina rafu nyembamba isiyosogea, yenye kina cha sentimita 10, iliyofungwa ukutani. Kwenye ukingo wa rafu hiyo unaning'inia ubao wa meza wenye kina cha sentimita 50 na urefu wa sentimita 120. Ubao ukiinuliwa, unashikiliwa kwa chini na mikono miwili ya pembetatu inayozunguka kwa bawaba kama milango midogo. Ukikunjwa, mikono hiyo inalala ukutani, na ubao wa meza unashuka mbele yake na kuifunika. Meza nzima ikiwa wazi ina sentimita 120 kwa 60; ikifungwa, haitokezi ukutani zaidi ya sentimita 12.

Nimependelea mikono badala ya miguu kwa sababu mguu hukanyagwa, hupigwa teke na hukwama kwenye uchafu wa sakafuni. Minyororo inayoshuka kutoka juu nayo ni imara, lakini huziba pande za meza na kuzuia ubao mrefu kupita. Mikono ya chuma ya kukunja inayouzwa tayari inafaa pia, ila isomwe vizuri: uzito ulioandikwa kwenye kifurushi mara nyingi ni wa jozi nzima na ni kwa mzigo uliosambazwa sawasawa, wala si kwa mtu aliyeegemea kona moja.

Vifaa

Nusu ya plaiwudi ya milimita 18, yaani nusu ya ile ya kawaida yenye sentimita 244 kwa 122, inatosha kwa rafu, ubao wa meza na mikono yote miwili. Utahitaji pia mbao mbili za ukutani zenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 9 na unene wa milimita 25. Miimo miwili, yaani mbao za kusimama zitakazoshika bawaba za mikono, yenye urefu wa sentimita 45, upana wa sentimita 7 na unene wa sentimita 4. Na papi moja ya sentimita 120 kwa 4 kwa 3 ya kukaza ukingo wa mbele. Kwa upande wa vyuma, tafuta bawaba ndefu ya aina inayotumiwa kwenye vifuniko vya piano, yenye urefu wa sentimita 120, bawaba nne imara za milimita 75, bolti, nati zenye pete ya nailoni ndani, washa pana, makomeo mawili, skrubu na gundi ya mbao isiyoharibika kwa maji.

Zana ni zile za kawaida: msumeno, drili na biti zake, skwea ya seremala, tepu ya kupimia, pimamaji, patasi, klampu mbili au zaidi, msasa, na sumaku ndogo ambayo kazi yake itaonekana punde.

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali

Uzito wa meza hii pamoja na vyuma vyake ni kati ya kilo 15 na 20. Si mwingi, lakini juu yake na chini yake utaweka zana, na zana ndizo nzito. Ikiwezekana, meza ikae karibu na ekseli, au mbele yake kidogo, na vitu vizito viwekwe chini. Trela iliyobebeshwa nyuma kupita kiasi hupunguza uzito unaokaa kwenye kiungio cha gari linaloivuta, na trela yenye kiungio chepesi huanza kuyumba kushoto na kulia mwendo unapoongezeka. Kitabu cha trela hueleza kiungio kinapaswa kubeba uzito kiasi gani, na inafaa kuupima tena baada ya karakana kukamilika. Angalia pia upande wa pili: meza, jiliwa na kabati la zana vikiwekwa vyote upande mmoja, springi za upande huo zitaonyesha.

Kisha angalia kinachopatikana chini. Ubao wa meza ukining'inia utafika sentimita 38 hivi kutoka sakafuni ikiwa meza ina kimo cha sentimita 90. Kama ukuta huo una sanduku la gurudumu lililoinuka ndani ya trela, pima kimo chake na umbali linaotokeza kabla ya kukata chochote. Hakikisha vilevile kwamba ubao hautaziba mlango, tundu la hewa au swichi ya taa.

Hatua ya pili: kupima kimo

Kimo cha meza hutegemea mtumiaji na kazi. Simama wima, kunja kiwiko kwa pembe mraba, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Kwa kazi nyepesi za kusimama, uso wa meza uwe sentimita 5 hadi 10 chini ya kiwiko. Kwa kazi za kusukuma randa au kupiga nyundo, shusha zaidi. Watu wengi huishia kati ya sentimita 85 na 95. Anayefanya kazi ndogondogo akiwa amekaa atahitaji sentimita 70 hadi 75, na hapo kina cha ubao kiangaliwe upya ili usiguse sakafu unaponing'inia. Vipimo vya mwongozo huu vinachukulia kimo cha sentimita 90.

Hapa pana kosa ambalo nimelifanya mwenyewe, na nalieleza ili msomaji asilipie alichokwisha kulipiwa. Trela yangu ilikuwa imesimama mahali penye mteremko mdogo, nami nikachukua pimamaji na kuchora mstari ulionyooka kabisa ukutani. Mstari ulikuwa sawa na dunia lakini haukuwa sawa na trela. Nilipoihamisha trela na kuiweka mahali tambarare, meza ilikuwa imeinama upande mmoja kwa sentimita mbili, na kila kalamu iliyowekwa juu yake ilitafuta njia ya kuanguka. Pima kutoka sakafuni katika ncha zote mbili za mstari, uunganishe alama hizo kwa rula ndefu, na pimamaji uitumie tu baada ya kuisawazisha trela yenyewe kwa jeki.

Hatua ya tatu: kuusoma ukuta

Ukuta wa trela ya sanduku kwa kawaida huwa na tabaka tatu: bati la nje, mbavu za chuma, aluminiamu au mbao, na plaiwudi nyembamba ya ndani ambayo mara nyingi haizidi milimita 10. Skrubu iliyoshika plaiwudi hiyo peke yake itaonekana imara siku ya kwanza, itahimili hata ukiiegemea, na itachomoka barabarani. Mbavu ndizo zinazobeba. Mara nyingi hupangwa kwa nafasi ya sentimita 40 au 60, lakini usikisie.

Tembeza sumaku ukutani taratibu. Panapovuta, pana ubavu wa chuma au kichwa cha skrubu kilichoshika ubavu. Kama mbavu ni za aluminiamu au mbao, sumaku itakuonyesha skrubu tu, ukiwa na bahati; hapo tazama mistari ya riveti upande wa nje na uigonge plaiwudi kwa kidole, kwa maana sauti hubadilika kutoka mvumo mtupu hadi mlio mfupi mzito unapofika penye ubavu. Ukishapata mahali, toboa tundu dogo la milimita 2 kwenye sehemu itakayofichwa na ubao wa ukutani, ili ujue kwa hakika upana wa ubavu na kingo zake. Weka alama ya kina kwenye biti kwa kuizungushia utepe, ili usitokeze nje ya bati.

Kabla ya kutoboa popote, fuatilia nyaya za taa za nyuma na za pembeni, ambazo hupita ndani ya kuta, pamoja na bomba la gesi ikiwa trela ina jiko. Tenganisha betri. Waya wa taa uliotobolewa hausemi siku hiyohiyo. Husema usiku, barabarani, taa za breki zinapogoma kuwaka.

Zipo trela zisizo na mbavu kabisa, ambazo kuta zake ni tabaka mbili za faibaglasi zilizobana povu katikati. Kwa hizo skrubu haina pa kushika. Mbao za ukutani hubandikwa kwa gundi ya polyurethani juu ya eneo lote la mgusano, kisha bolti hupenyezwa hadi nje na kukazwa juu ya vibati vipana vya chuma, kwa kiasi tu, ili povu lisibonyee.

Hatua ya nne: kufunga mbao za ukutani na miimo

Ubao wa kwanza wa ukutani unafungwa ukingo wake wa juu ukiwa sentimita 88.2 kutoka sakafuni, yaani kimo cha meza ukitoa unene wa plaiwudi. Ubao wa pili unakaa chini yake, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 45 chini ya ukingo wa juu wa ubao wa kwanza. Kila ubao uvuke angalau mbavu mbili, na ikiwezekana tatu, na katika kila ubavu utie vishikio viwili, kimoja juu na kimoja chini, ili ubao usipate nafasi ya kupinda.

Kwa mbavu za mbao, tumia skrubu nene za milimita 8 zenye kichwa cha kukazwa kwa spana, ukianza na tundu la kuongozea la milimita 5. Kwa mbavu za chuma chembamba, skrubu ya kujitoboa yenyewe hushika nyuzi chache tu. Nati za riveti, yaani zile zinazobanwa ndani ya tundu kama riveti, ni bora zaidi, na bolti inayopenya hadi nje ni bora kuliko zote kwa anayekubali kuona vichwa vya bolti nje ya trela. Bolti hizo zipakwe silikoni chini ya washa, la sivyo maji ya mvua yatafuata nyuzi na kuingia ndani ya ukuta. Kama mbavu au bati ni la aluminiamu, epuka chuma cha kawaida kugusana nalo moja kwa moja penye unyevu, kwa kuwa aluminiamu italiwa. Chuma kisichoshika kutu pamoja na washa za nailoni hupunguza shida hiyo.

Miimo haihitaji kukaa mbele ya mbavu, na hii ndiyo faida ya kuwa na mbao za ukutani: mbao hubeba mzigo hadi kwenye mbavu, nawe unaiweka miimo panapofaa meza. Ila usiifunge bado. Bawaba zake zinapaswa kutangulia, kwa sababu nati zake zitazama nyuma ya mwimo ambako mkono hautafika tena.

Kwa nini nasisitiza nati badala ya skrubu? Chukulia mtu ameweka kilo 50 kwenye ukingo wa mbele kabisa wa meza, upande wenye mkono mmoja tu karibu yake. Mkono huo unafika sentimita 51 kutoka ukutani, mzigo upo sentimita 60, na ubao unazungukia bawaba iliyo kwenye sentimita 10. Hivyo ncha ya mkono inabebeshwa kilo 60 hivi. Ncha hiyo iko sentimita 45 kutoka kwenye mwimo, na bawaba mbili za mkono zimeachana kwa sentimita 35. Matokeo yake ni kwamba bawaba ya juu inavutwa kutoka kwenye mwimo kwa nguvu ya karibu kilo 77, huku ya chini ikisukumwa kuelekea ukutani kwa kiasi hichohicho. Mzigo wa kilo 50 unaosukuma chini umegeuka kuwa mvuto wa kilo 77 unaochomoa skrubu. Hapo bado hujapiga nyundo.

Hatua ya tano: kukata plaiwudi

Kata ubao wa meza sentimita 120 kwa 50 na rafu sentimita 120 kwa 10, nyuzi za uso wa plaiwudi zikienda kwa urefu wa sentimita 120. Msumeno hula milimita mbili hadi tatu kila unapopita. Chora na kukata kipande kimoja kimoja badala ya kuchora vyote kwa pamoja na kujikuta cha mwisho kimepungua. Kuzuia plaiwudi isichanike kwenye ukingo, bandika utepe wa karatasi juu ya mstari kabla ya kukata.

Kila mkono una upana wa sentimita 45 juu na kimo cha sentimita 44 upande wa bawaba. Usiuache ukiwa pembetatu yenye ncha kali: ncha ya mbele iwe na kimo cha sentimita 6, na ile ya chini iwe na upana wa sentimita 6, kisha unganisha kwa mstari wa mshazari. Ncha nyembamba ya plaiwudi huvunjika, na pia humchoma mtu kwenye paja.

Kuhusu upana wa mikono, fanya hesabu hii kabla ya kukata. Mikono inakunjwa kuelekeana, kwa hiyo jumla ya upana wa yote miwili lazima iwe ndogo kuliko umbali kati ya bawaba zake. Hapa bawaba zipo sentimita 12 kutoka kila ncha ya meza, umbali kati yake ni sentimita 96, na mikono miwili kwa pamoja ni sentimita 90. Inabaki nafasi ya sentimita 6. Katika jaribio langu la kwanza nilikata mikono ya sentimita 50 na kuweka bawaba sentimita 15 kutoka kwenye ncha. Ilipokunjwa, ikagongana kama mbuzi wawili kwenye daraja jembamba, na ubao wa meza haukufunga.

Hatua ya sita: kufunga bawaba za mikono

Laza mwimo na mkono mezani au sakafuni, mkono ukiwa umesimama pembe mraba juu ya uso wa mbele wa mwimo, kama utakavyokuwa meza ikiwa wazi. Bati moja la bawaba linalala kwenye uso wa mwimo, la pili linalala kwenye ubavu wa mkono unaotazama katikati ya meza, na pini ya bawaba inakaa kwenye kona ya ndani. Acha angalau sentimita mbili za mwimo upande wa nje wa mkono, ili kisigino cha mkono kipate pa kuegemea kinaposukumwa.

Toboa, penyeza bolti za milimita 5 zenye kichwa cha kuzama, na upande wa nyuma wa mwimo panua tundu ili nati na washa yake vizame. Kaza. Sasa miimo inaweza kufungwa juu ya mbao za ukutani kwa gundi na skrubu ndefu nne kila mmoja, mbili juu na mbili chini. Ncha ya juu ya mwimo iwe sawa na ukingo wa juu wa ubao wa ukutani. Mkono wenyewe, hata hivyo, ushuke milimita 5 chini ya hapo, kwa sababu itakayoelezwa katika hatua inayofuata.

Jumlisha unene uhakikishe: ubao wa ukutani milimita 25, mwimo milimita 40, mkono uliokunjwa milimita 18, na bati mbili za bawaba milimita 4 hivi. Jumla ni milimita 87, na rafu ina milimita 100. Ubao wa meza utaning'inia bila kugusa mikono. Ukibadilisha unene wa kipande chochote, badilisha pia kina cha rafu.

Hatua ya saba: rafu na bawaba ndefu

Rafu inafungwa kwa gundi na skrubu kutoka juu, zikiingia kwenye ubao wa ukutani na kwenye vichwa vya miimo. Zamisha vichwa vya skrubu ili visikwaruze kazi.

Bawaba ndefu inakwenda chini ya rafu na chini ya ubao wa meza, wala si juu. Hili huwachanganya wengi, kwa kuwa juu ndiko mkono hufika kwa urahisi. Bawaba ikiwekwa juu, ubao ukishuka ukingo wake wa nyuma hujibamiza kwenye ukingo wa rafu na kukataa kwenda chini. Ukilazimishwa, hung'oa skrubu. Ikiwa chini, kingo za juu huachana na ubao hushuka bila kikwazo. Kama ungetaka meza inayokunjwa kuelekea juu, hapo ndipo bawaba ingekaa juu.

Weka rafu na ubao vikiwa vimeachana kwa milimita moja, unene wa kadi ngumu, kisha funga skrubu za bawaba kuanzia mbili za ncha na moja ya katikati. Jaribu kukunja. Ikiwa inakwenda sawa, malizia zilizobaki. Kwa plaiwudi ya milimita 18, skrubu isizidi urefu wa milimita 16, la sivyo ncha itatokeza juu ya meza. Kwa skrubu ya unene wa milimita 4, tundu la kuongozea liwe milimita 2.5. Kila baada ya skrubu nne au tano, badilisha moja kwa bolti ndogo inayopenya hadi juu, yenye kichwa kilichozama. Hizo chache ndizo zitakazoshika baada ya skrubu kuchoka.

Pini ya bawaba hii inatokeza chini kwa milimita chache, na kama mikono ingekuwa imegusana na rafu, ingejikwaa hapo kila inapofunguliwa. Ndiyo sababu imeshushwa milimita 5. Nafasi hiyo inazibwa kwenye ncha ya mkono tu, kwa kabari: bandika chini ya ubao wa meza kipande cha mbao ngumu chenye mteremko, chembamba upande ambao mkono unaingilia na cha milimita 5 upande unaoishia. Mkono ukifunguliwa, ncha yake inapanda kabari na kuukaza ubao kidogo kidogo hadi uwe sawa na rafu. Mwisho wa kabari gundisha kizuizi ili mkono usipite. Anza na kabari nene kuliko inavyohitajika na uisugue kwa msasa hadi rula ndefu iliyowekwa juu ya rafu na meza isionyeshe mwanga chini yake. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote, na haifai kuharakishwa.

Papi ya kukaza ubao inagundishwa chini ya ukingo wa mbele na kufungwa kwa skrubu kutoka chini. Ina upana wa sentimita 4, na ubao ukining'inia inapita chini ya ncha za mikono kwa zaidi ya sentimita moja. Bila papi, plaiwudi hulegea katikati, hasa kwa kuwa mikono ipo karibu na ncha.

Hatua ya nane: makomeo ya safari

Ubao unaoning'inia huru barabarani ni nyundo ya kilo saba inayopiga ukuta kila penye shimo. Funga makomeo mawili kwenye pembe za chini, yakiingia kwenye vipande vya mbao vilivyofungwa kwenye ukuta au sakafu. Komeo la kuvuta na kubana linafaa kuliko la kutelezesha, kwa sababu la kutelezesha huacha mchezo wa milimita mbili tatu, na mchezo huo ndio unaopiga kelele na kupanua matundu. Bandika vipande vya mpira mahali ubao unapokutana na vipande hivyo, uvibane kidogo unapofunga. Mikono haihitaji komeo lake, kwani ubao uliofungwa unaizuia.

Hatua ya tisa: kumalizia uso

Fungua vyote tena isipokuwa vilivyogundishwa ukutani, yaani mbao za ukutani, miimo na rafu. Sugua kwa msasa namba 120 kisha 180, uviringishe kingo kidogo, na upake vanishi tabaka tatu, ukisugua kwa wepesi kati ya tabaka na tabaka. Upande wa chini upakwe sawa na wa juu. Ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu upande wa pili na kujipinda, na ndani ya trela iliyofungwa usiku kucha unyevu haukosekani. Kingo za plaiwudi hunywa zaidi, zipe tabaka la ziada. Paka nje ya trela, au milango yote ikiwa wazi.

Hatua ya kumi: kujaribu

Usiijaribu meza kwa kuikalia. Chukua madumu ya maji ya lita 20, ambayo kila moja lina kilo 20 za maji, na uyaweke moja baada ya jingine, kwanza karibu na ukuta, kisha ukingoni. Nyoosha uzi kutoka ncha moja ya ukingo wa mbele hadi nyingine na upime ubao unashuka kiasi gani katikati. Kwa kilo 40, milimita tatu nne hazina neno. Wakati huohuo mtazame mwimo: ukiona nywele ya mwanga kati yake na ubao wa ukutani, au ukisikia mlio wa mbao, ondoa mzigo na urudi kwenye vishikio.

Kwa kazi za kupigapiga, kata mguu mmoja wa akiba wa kuegemeza katikati ya ukingo wa mbele, unaosimama juu ya sakafu ya trela yenyewe na kuhifadhiwa nyuma ya ubao wakati wa safari. Mguu huo usisimamishwe nje juu ya ardhi kupitia mlangoni, kwa maana trela hupanda na kushuka juu ya springi zake kila mtu anapoingia, na mguu uliokanyaga ardhi utaisukuma meza juu. Jiliwa nalo lifungwe juu ya mkono mmojawapo, kwa bolti zinazofunguka, lishushwe sakafuni kabla ya kuondoka.

Mwisho, chukua rangi nyeupe na uchore mstari mwembamba unaovuka kila nati inayoonekana na washa yake hadi kwenye mbao. Baada ya kilomita 50 za kwanza simamisha gari, fungua trela na uitazame mistari hiyo kwa tochi. Uliokatika unaonyesha nati iliyozunguka. Ikaze, chora mstari mpya, na uitazame tena mwisho wa safari.